Mdomo wa Mti Uko Chini ya Gari la Katibu

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya tisini na kitu bila tone. Nyasi za mbele ya wodi zimekuwa kama ufagio uliochakaa. Na leo katibu wa hospitali — mimi namwita Funguo, maana funguo za kiunoni mwake hufika kabla yake — katoka na karatasi, kaukodolea macho mti wetu wa mkungu pale uani, katoa hukumu. Eti umekufa. Ushahidi? Umepukutisha majani. Hah! Kwa hesabu hiyo kila mwenye kipara azikwe, na aanze yeye.

Kinachomuuma ni tawi lililoanguka wiki jana. Lilikosa gari lake kwa urefu wa mkono. Basi Jumamosi ya tarehe kumi na tano anakuja mtu wa msumeno wa injini, mti chini, halafu lijengwe banda la bati. La magari! Nikamuuliza, na wale wanaokaa kivulini tangu asubuhi wakisubiri kuitwa, akina mama wajawazito, wazee wa macho, wakae wapi? Akasema watajipanga. Watajipanga! Kama viatu.

Miaka kumi na tisa natunza bustani hii. Kabla ya hapo nimefanya kazi melini, nimepika hotelini, nimefagia uwanja wa ndege mpaka marubani wakanijua. Miti nimeiona, ya kwetu na ya watu. Nikamwambia, "Bosi, huu mti uko hai." Akaniuliza cheti changu cha miti kiko wapi. Cheti! Mkungu wenyewe ulisomea wapi?

Jumanne, 4 Februari

Maji ya bomba hayaruhusiwi bustanini. Sawa, wagonjwa kwanza, hilo sina ugomvi nalo. Lakini mdogo wake mke wangu anafua mashuka ya hospitali, na maji ya suuza ya mwisho, hayana hata sabuni, wanayamwaga mtaroni. Nikamfuata. "Shem, nigawie." Akacheka mpaka akashika beseni. Kasema dada yake akisikia kwamba huku nabeba ndoo na nyumbani sibebi, patawaka moto. Lakini kanipa. Ana roho nzuri, mdomo tu ndio umezidi.

Ndoo kumi na mbili. Nimezimwaga shinani taratibu, kama namwosha mfalme miguu. Funguo kapita, kaguna. Guna, baba, guna. Wataalamu hatujibu.

Alhamisi, 6 Februari

Ndoo thelathini na sita sasa. Mgongo umekatika. Jani hata moja! Matawi yamekaa tu kama mifupa ya mwavuli.

Asubuhi nikasikia dirisha la wodi ya pili linagongwa. "Kijana!" Mimi nina miaka hamsini na nne. Kugeuka, bibi mmoja mwembamba, kitanda cha dirishani, mwalimu mstaafu wa sayansi. Figo zake zimegoma, wanamsafisha damu kwa mashine. Akauliza nafanya nini. Nikamjibu nauokoa mti.

"Hapana," kasema. "Unauosha miguu."

Wodi nzima ikacheka. Hata yule wa dripu mbili! Nimeondoka na ndoo zangu bila kuaga. Walimu hawa, hata waking'olewa meno, ile chaki haiwatoki mdomoni.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeingia wodini kufuta vumbi la dirisha. Si kazi yangu. Nilikuwa nampitia tu yule bibi nimwoneshe kwamba sina kinyongo.

Kaniuliza maji yanapandaje mpaka juu. Swali la watoto! Nikamweleza: mizizi inasukuma, kama pampu ya mafuta melini. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kikazi. Kasema hakuna pampu. Ni majani yanayovuta. Jua likikausha tone moja kwenye jani, lile la nyuma yake linavutwa lishike nafasi, maana matone yameshikana mikono, kutoka jani la juu kabisa mpaka unywele wa mzizi huko chini. Uzi mmoja wa maji, ndani ya mifereji myembamba kuliko uzi wa kushonea. Mti mzima umejaa nyuzi hizo.

Na ukame je? Udongo hautoi, jua linavuta. Uzi unakazwa, unakazwa, pwa! Unakatika. Hewa inaingia na ule mfereji ndiyo basi tena. Mifereji ikikatika mingi, tawi linakufa. Kwa hiyo mti wenye akili hausubiri. Kwanza unafunga vinywa vidogo vilivyo chini ya majani. Ikizidi, unayatupa majani yenyewe, ili jua likose pa kuvutia.

"Kwa hiyo haujafa," nikasema. "Umefunga mdomo."

"Ndiyo. Jaribu na wewe siku moja."

Muuguzi akaleta maji yake. Nusu kikombe! Asubuhi nusu, jioni nusu, basi. Daktari kakataza zaidi, figo hazitoi. Kayanywa kwa kijiko, huku anatazama nje. Mimi nikaificha kwapani chupa yangu, nilikuwa nimetoka kuinywa nzima.

Jumatatu, 10 Februari

Sasa mimi ndiye profesa. Nimewaeleza walinzi habari ya nyuzi, wamebaki midomo wazi. (Nimeongeza kidogo. Nimesema niliyajua tangu melini.)

Mwalimu alisema uzi ukikatika hutoa mlio. Basi nimemwomba muuguzi kile kipimo chao cha kusikilizia moyo, nikakibandika kwenye gome mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Nikasikia! Ku, ku, krrr. Nikakimbia dirishani kumpa habari. Mwalimu kacheka mpaka akakohoa. Kasema mlio huo sikio la mtu haliufikii. "Ulikunywa chai leo?" Sijanywa. "Basi ulisikia tumbo lako."

Foleni nzima ilisikia. Funguo naye alikuwa amesimama pale! Kaenda zake anatikisika mabega. Acha acheke. Mtu ambaye hajui tofauti ya mti na nguzo ya umeme.

Jumatano, 12 Februari

Sitaki kuandika hii. Naandika.

Nilimwuliza mwalimu kwa adabu, nimevua kofia kabisa: mbona ndoo mia hazijafanya kitu? Kasema shina halinywi. Mizizi minene ya shinani kazi yake ni kushikilia mti na kupitisha. Inayokunywa ni ile myembamba kama nywele, na mingi iko mbali. "Nenda kasimame pale ncha ya tawi refu inapoishia. Tazama chini ya miguu yako. Mdomo wa mti uko hapo na kuendelea mbele."

Nimekwenda kifua mbele. Nimetazama juu, nimesogea, nimetazama juu. Halafu chini.

Maegesho ya Funguo. Vitofali vya zege, vimenyooka kama meno ya bandia. Na vimepangwa na nani? Na mimi! Miaka miwili iliyopita, nilipojitolea kuwaonesha mafundi wa mjini kwamba kazi hii si ya chuo. Nikashindilia udongo kwa mashine mpaka ukawa chuma. Juu yake nikatandika nailoni nzito ili majani yasichipue katikati — ubunifu wangu mwenyewe, nilijisifu mwezi mzima! Mifereji ya maji ya mvua nikaielekeza barabarani, lisibaki tone. Kwenye kitofali cha kona, nilichokimimina mwenyewe, nikachora kwa msumari kabla hakijakauka: KAZI YA BINGWA.

Mvua za misimu miwili mkungu haukupata kitu upande ule. Ukame umeukuta una kiu tayari. Nimemtukana Funguo siku kumi kwa kutaka kuua mti. Yeye ana maneno tu. Mimi ndiye niliyeukaba koo, kwa mikono miwili, nikipiga mluzi.

Bingwa! Pumbavu lenye mwiko.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda ofisini kwa Funguo. Nimemwambia ukweli wote, hata wa nailoni. Nikaomba ninyanyue vitofali, gari likae upande wa pili, mti upewe mpaka mvua. Kanisikiliza anachezea funguo. Akauliza kama nimekunywa. Kisha akasema nikigusa maegesho yake nitafute bustani nyingine.

Mwalimu hali si nzuri leo. Walitaka kumhamishia wodi ya ndani, kuna feni. Kakataa. Kasema anasubiri kuona kama mwanafunzi wake atafaulu.

Ijumaa, 14 Februari

Shem kaahidi mapipa mawili ya suuza kesho asubuhi, nikishaanza kunyanyua vitofali. Mtaimbo ninao. Mke wangu kauliza Jumatatu nitakuwa na kazi? Nikamjibu, lini mimi nimewahi kukosa kazi? Hakucheka. Kanifungia mkate mwingi kuliko kawaida.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nimekaa maegesho.

Nimeanza jua linachomoza. Nailoni ya safu za kwanza imetoka imara kabisa, haina hata tundu! Nimewahi kufanya kazi mbovu nyingi, kwa nini hii niliifanya vizuri? Gamba la udongo nimelipasua kwa mtaimbo taratibu; chini yake mkavu kama unga wa kuoka. Nimechimba kwa vidole tu, nisikate. Nikaikuta ile mizizi. Nywele za mtoto mchanga. Mingi imekauka. Michache nikiikunja inapinda, haivunjiki.

Shem kaja na mapipa kwenye mkokoteni wa mashuka. Tumemwaga pipa la kwanza. Mlio wake pale chini, huo nimeusikia kwa masikio yangu, wala si tumbo! Wagonjwa wa foleni wawili watatu wamenyanyuka, wakaanza kunipokea vitofali. Mama mmoja ana tumbo la miezi minane, nikamfokea akae. Kasema, "Nyamaza, baba, kwani mti wako peke yako?"

Mtu wa msumeno kafika saa mbili. Jitu la miraba minne. Kawasha, injini ikanguruma, mie nikasimama mbele na mtaimbo kama kichaa. Kazima. Kaenda kwenye tawi, kalikwangua kwa ukucha. Kijani. Kakwangua jingine. Kavu. La tatu, kijani. Kaketi juu ya msumeno wake.

"Mimi nakata maiti," kasema. "Huyu ni mgonjwa. Anipe maandishi huyo bosi wenu."

Sasa gari la Funguo liko getini, vitofali vimeziba njia, haliwezi kuingia. Anapiga honi. Apige.

Muuguzi katoka wodi ya pili na kikombe. Nusu. Eti mwalimu kasema kimwagwe penye mdomo. Nimetazama dirishani, kaegemea mito, ananiangalia. Nikamwambia muuguzi amrudishie, amwambie mti una mapipa, yeye ana hicho tu, na mwanafunzi wake amemkatalia. Mjeuri yule bibi! Muuguzi kaenda. Kutoka hapa sioni kama anakunywa.

Vitofali vyote vimetoka isipokuwa kimoja, cha kona. Nimekikalia. Nilijiambia napumzika.

Honi imenyamaza. Funguo anakuja kwa miguu, nasikia zikigongana kiunoni mwake. Anauliza kwa sauti nani alibomoa. Mimi. Anauliza na nani alijenga, kama hajui. Mimi, bosi, yote mimi!

Anaelekea kwa mtu wa msumeno, ametoa kalamu. Ngoja niinuke, ning'oe na hiki cha BINGWA. Hapa nilipokaa napo ni mdomo wa mti.