Kanga yako imebaki Stafford

Shangazi Rehema, shikamoo.

Nimeteremka kutoka DeSoto ninakokaa kumwona Mwanahawa, yule rafiki yangu nesi wa Tanga, huku Stafford. Nje joto ni la kutokota, lakini ukumbini kiyoyozi kilikuwa kikali, nikajitanda ile kanga uliyonipa siku naondoka. Tulikwenda kumtazama Liza, Mfilipino anayefanya naye kazi wodini, akicheza ngoma ya kwao. Alikuwa na glasi tatu zenye mishumaa inayowaka: moja kichwani, na nyingine mbili juu ya mikono. Akazunguka, akapiga magoti, akainuka. Watu kimya, simu juu.

Mwanahawa akashindwa kuvumilia. "Jamani, mtoto anacheza hivi na hakuna wa kumtunza?" Akanivua kanga, akaenda mbele na vigelegele vyake, akamtandia Liza mabegani. Nilifumba macho nikisubiri moto. Nilipofumbua, mishumaa yote mitatu ilikuwa inawaka palepale.

Baadaye Liza akatuuliza, kwa aibu, kama gauni lake lilikuwa limefunguka mgongoni. Mwanahawa akacheka, akamweleza kwamba kwetu anayecheza vizuri hutunzwa. Basi hakuivua tena.

Nami sikuidai. Ila nilijiona, Shangazi: miaka sita tu huku, na ngoma naitazama nimekaa, mikono mapajani. Wewe ungemtangulia Mwanahawa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Akija mtu huku, mpe kanga mbili: moja ya kujitanda, nyingine ya kumtunzia mtu.

Mwanao,
Saida