Birika Mlangoni

Baba,

Hili sijamwambia mtu. Tangu tukuzike, kila siku naamka kabla ya adhana, nawasha sigiri, napasha maji ya udhu, naweka birika mlangoni pa chumba changu na kugonga kifuniko kwa ukucha. Kisha narudi kitandani, nafumba macho, naamka tena. Kana kwamba ni wewe uliyegonga.

Hukuwahi kuniita kwa jina asubuhi. Uligonga tu, ukasema kwa sauti ndogo, "Mwanazuoni, maji yanapoa." Nikichelewa: "Au leo unatawadha kwa wino?"

Unakumbuka ratiba niliyobandika ukutani? Hesabu, Kiingereza, kutoogopa watu, kuacha aibu kabla ya Ramadhani. Uliisoma yote, halafu ukacheka mpaka ukashika mlango. "Aibu nayo umeipangia Jumanne?" Nililia. Ukaketi sakafuni karibu nami. "Zaituni, usiniletee mtu mzima wa mwakani. Niletee alfajiri ya kesho. Uswali, usome kidogo kabla nyumba haijaamka. Kidogo kisichokatika ndicho kinachomkuza mtu."

Nikawa naamka. Nikakua, Baba, bila kujiona.

Sasa duka lako la Nakivubo limefungwa. Chai haina sukari na hakuna anayelalamika, maana mlalamikaji ulikuwa wewe. Siku ile mwili wako ulipoletwa, Ami, ndugu yako, alituomba tulie kimyakimya, kwa kuwa wale waliokukamata na kukuchukua kwa gari walikuwa bado wanapitapita mtaani. Mama alitii. Ametii mno. Eda imekwisha, wanawake wamekuja kumtoa edani, na bado anakaa chumbani, mlango umefungwa. Shangazi anasema afadhali niache shule, nikae na Mama. Unanijua, mbele ya watu maneno yangu yote hubaki kooni.

Leo niligonga kifuniko kama kawaida. Kabla sijageuka, kitanda cha Mama kikalia. Akaita, polepole sana:

"Baba Zaituni?"

Aliita kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kuitika. Kumbe naye alikuwa akisikia. Kila siku, Baba. Mimi nilikuwa nakurudisha kwa ajili yangu, na yeye upande wa pili wa ukuta alikuwa akikupoteza upya.

Lala, Baba. Mungu akupe nafasi pana kuliko ile waliyokunyima hapa. Alfajiri nitaishika, na shule nitaishika. Shangazi nitamwambia mwenyewe, hata mbele ya watu. Lakini sitarudi tena kitandani kukungoja.

Nililichukua birika, nikalipeleka mlangoni pa Mama. Sikugonga kifuniko. Nilisema, "Mama, ni mimi. Maji yanapoa." Nilisubiri hadi yakapoa kweli. Nikayapasha tena. Akafungua. Nikammiminia mikononi, akatawadha, tukaswali. Halafu nikasoma kidogo, nikavaa sare, nikaenda shule.

Binti yako,
Zaituni