Nyaya Zangu na Ndimu za Shangazi

Jumanne, baada ya Isha

Sizitoi nyaya zangu za meno. Shangazi na aseme mpaka koo limkauke.

Tangu fizi zianze kuniwasha na midomo kuvimba, wimbo wake ni mmoja: "Yatoe machuma hayo, mwanangu, yanakutia sumu." Kila jioni ananisimamia nisukutue ndimu na chumvi, eti kuikata hiyo sumu.

Leo nimetoka Zinga hadi Bagamoyo mjini. Daktari wa meno kaniuliza kama hereni za bandia huniwasha masikio. Tangu utotoni! Basi ni nikeli, madini yaliyomo kwenye hereni hizo na kwenye nyaya pia, mwili wangu haupatani nayo. Nilipomtajia ndimu akashika kichwa. "Ukali wake ndio unaozidi kuitoa hiyo nikeli kwenye nyaya na kuiingiza kinywani."

Kumbe Shangazi kapatia sumu, kakosea dawa.

Ijumaa nabadilishiwa, nafungwa nyaya zisizo na nikeli. Na hizo zikiniwasha? Naogopa, sijidanganyi. Lakini nimecheka nyuma ya mtandio tangu madrasa, kwa ajili ya meno haya yaliyopandana. Imetosha.

Jioni Shangazi kaniletea ndimu yake. Nimeipokea kwa mikono miwili, nikaikamulia yote kwenye samaki wake.

Kisha nikamchekea, mtandio begani.