Siku Kumi na Moja za Bibi Josefa

Nebraska,
9 Machi 1969

Kaka yangu mpendwa Emil,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani. Wewe hujambo? Wifi na watoto je, baridi ya Chicago haijawamaliza? Sisi tu wazima. Macho ya Baba yamezidi kufifia, ila mdomo uko vilevile. Wiki iliyopita alimwambia padri kwamba mahubiri yake yanawalaza hata waliokunywa kahawa. Ng'ombe kumi na wanne wameshazaa, na ndama niliyempoteza ni mmoja tu.

Sasa sikia. Kaunti inatoa vibao vya heshima kwa familia ambazo ardhi yao haijauzwa tangu serikali ilipoigawa bure kwa walowezi, na Baba alitaka chetu kiandikwe jina la Babu Vaclav. Si unaujua wimbo wa Baba: ardhi hii ilipatikana kwa jasho la mwanamume, na mwanamume ndiye atakayeishika. Ndiyo maana shamba alikuahidi wewe, nami nimeilima miaka thelathini nikijua si yangu. Basi nikaandika Washington kuomba faili. Likaja, kurasa ishirini na mbili, nikaketi jikoni kumsomea.

Jamani, Kaka, jina la Babu halimo! Mwombaji ni Josefa Hrdlik, msichana asiyeolewa, miaka ishirini na miwili. Bibi yetu! Baba alifoka, akasema makarani wa siku zile walikuwa walevi watupu, akanituma kwenye daftari za ardhi mjini nikahakikishe. Nikaenda. Kumbe Babu alikuwa na kipande chake hapo jirani, na ndicho kilichouzwa mwaka wa ukame. Hiki kilichobaki, tulichokulia, ni cha Bibi.

Sheria ilimtaka kila mwombaji alale kwenye ardhi yake miaka mitano, na mke na mume wasingepewa vipande viwili. Wale wachumba wawili wakajenga nyumba moja ya mabonge ya udongo juu ya mpaka wenyewe, kitanda cha Babu upande ule, cha Bibi upande huu. Harusi ikasubiri hati, mwaka 1891. Mpaka ulipita katikati ya chumba, na inaonekana haukuheshimiwa sana.

Nasema hivyo kwa sababu ya ukurasa wa tisa. Bibi aliulizwa kama amewahi kuondoka kwenye ardhi yake. Alijibu: siku kumi na moja, Januari 1889, kwa jirani, kujifungua. Huyo mtoto ni Baba, Kaka. Mzee wa miaka themanini, asiyekosa misa, nimwambieje? Nikauruka.

Nilijiona mjanja. Nilipomaliza, Baba akasema karatasi zimelia mara ishirini na moja, hiyo nyingine nimeiweka wapi? Kumbe alikuwa akizihesabu kwa sikio! Ikabidi nisome. Alishika kikombe bila kunywa mpaka kahawa ikapoa. Nikadhani nimemuua. Halafu akauliza polepole, "Siku kumi na moja tu? Januari?" Nikasema ndiyo. Akasema basi mama yake alirudi kwenye theluji na kichanga kifuani, ili asinyang'anywe ardhi, na yeye maisha yake yote amekuwa akimshukuru baba yake. Akalia, Kaka. Nami nikalia. Kibao kitaandikwa Josefa.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Alipojifuta machozi, Baba aliniuliza mimi je, nimewahi kulala nje ya ardhi hii siku ngapi. Nikafikiri. Nikasema mbili, tulipomzika shangazi. Jumatatu tukaenda kwa wakili, akaniandikia shamba lote. Nilipomuuliza atakwambiaje, akasema, "Mwambie mwenyewe, mwenye shamba ni wewe."

Najua uliahidiwa. Ningeweza kukataa, hata kwa adabu tu. Sikukataa. Nilisaini haraka kabla wino haujakauka kwenye jina lake, na nimefurahi mno, Kaka, siwezi kukuficha.

Ukikasirika, kasirika, lakini njoo Pasaka. Nitaoka mikate ya mbegu za popi uipendayo, na chumba chako kipo. Wasalimie wote, wabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Ruzena