Jalada Lililokwama kwa Bwana Nukta

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wanangu. Huku hatujambo, mama goti linamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa.

Uliniuliza kuhusu karatasi za kodi za karakana ya viatu aliyotuachia baba. Zote zilikuwa kwa Bwana Nukta, mhasibu wake wa miaka yote. Unamkumbuka? Kila Jumamosi alikaa kwenye kile kigoda, katikati ya ngozi na harufu ya gundi, wewe ukimsomea risiti, mimi nikizipanga, na baba akimtania kwamba nukta moja ikipotea hapati usingizi. Siku zile zilikuwa tamu, nasi hatukujua.

Miezi minne nilimpigia simu, haikupokelewa. Nikaandika, kimya. Ofisini kwake kufuli. Watu wa kodi wakanipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo karakana ifungwe. Wiki iliyopita nikajifunga kibwebwe, nikamfuata nyumbani.

Alifungua mwenyewe, akipapasa mlango, akauliza ni nani, nami nimesimama mbele yake mchana kweupe. Kaka, mzee haoni. Alisema macho yalianza kufifia mwaka jana, akaona aibu kusema. Mhasibu asiyeweza kusoma atamwambia nini mteja? Jalada letu lilikuwa mezani, limefutwa vumbi. Nikamsomea karatasi moja baada ya nyingine, naye akanielekeza cha kuandika na wapi. Kwa saa mbili nilikuwa mtoto tena. Nilitamani kugeuka nimwone baba na nyundo yake.

Sasa nikuungamie. Mwezi uliopita nilimshtaki kwenye chama cha wahasibu, nikamwita mwizi, wala sikukwambia. Tulipomaliza, alinipa bahasha ambayo haijafunguliwa, akaniomba nimsomee. Ilikuwa nakala ya mashtaka yangu. Ningeweza kumdanganya. Nilisoma yote, na jina langu chini.

Akasema, "Ungekuja tu, mwanangu."

Fomu za kodi zimepokelewa, na karakana iko wazi. Jana nilimpelekea barua niliyoandika kufuta mashtaka. Aliniambia nimsomee hiyo pia, polepole, nisiruke neno.

Mama anakusalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba