Mafuta ya Gari la Bi Zuwena

Jumanne, 15 Oktoba
Bajaji mbili asubuhi, klachi na breki. Kisha Bi Zuwena wa duka la vitambaa, na gari lake dogo la zamani. Linakunywa mafuta. Awali tangi moja lilimtosha kwenda Bukene kwenye duka lake la pili na kurudi, mara mbili. Sasa safari ya pili halifiki. Nikaangalia chujio la hewa, safi. Hakuna panapovuja. Taa ya injini haiwaki. Nikamwambia injini haina tatizo.
"Basi mafuta yanakwenda wapi, fundi?"
"Muulize anayeliendesha."
Dereva wake, Mzee Masanja, alikuwa nje ya geti. Sidhani kama alisikia.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bi Zuwena amemwachisha kazi Mzee Masanja. Miaka tisa. Dukani, mbele ya wateja. Mke wangu alikuwepo, ananunua kitenge. Mzee amerudi kwao Bukene kwa treni. Alinisimulia tukila, nikaendelea kula. Madereva wengi wanaiba mafuta. Hilo nalijua.

Jumatatu, 4 Novemba
Bi Zuwena tena, pedi za breki za mbele. Siku hizi anaendesha mwenyewe. Wakati anashuka akasema gari bado linakunywa vilevile, na ufunguo haushikwi na mtu mwingine. Alisema kawaida tu, kama anayezungumzia joto. Nikamwomba aliache.
Nikafungua plagi. Zote nne nyeusi, masizi makavu: mafuta yanazidi. Mdomo wa ekzosi hivyo hivyo. Haya ningeyaona ile siku ya kwanza. Dakika kumi tu. Sikuangalia.

Jumanne, 5 Novemba
Niliwasha swichi. Taa zote za dashibodi ziliwaka, isipokuwa ya injini. Nikafungua dashibodi. Balbu haipo. Mtu aliitoa, labda kabla Bi Zuwena hajalinunua. Nami niliona taa haiwaki nikasema gari ni zima.
Nikaazima mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Ikataja sensa ya oksijeni, kile kipimo kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi. Sikuiamini moja kwa moja, safari hii. Ekzosi ikitoboka karibu na sensa, hewa huingia na kuidanganya. Nikakagua bomba lote. Zima. Injini ikiwa ya moto nikaweka kipima umeme kwenye waya wa sensa. Mshale ulitakiwa kupanda na kushuka. Ulilala chini. Nikaongeza mafuta makusudi. Bado umelala.
Ndiyo yenyewe. Kazi yake ni kupima moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta ni mengi au machache. Hii imekufa ikisema machache. Kompyuta inaongeza, inaongeza. Mzee Masanja hakuiba kitu.

Alhamisi, 7 Novemba
Sensa mpya ilifika jana. Ya zamani ilishikwa na kutu, nilihangaika nayo saa nzima. Nimefuta rekodi ya hitilafu, nimerudisha balbu, nimejaza tangi. Leo nimekwenda Lusu na kurudi, nikajaza tena kwenye pampu ileile. Yameingia machache tu, tofauti kubwa na awali. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.
Nikampelekea Bi Zuwena gari. Nikamweleza yote, nimesimama.
"Lakini wewe ndiye uliyeniambia."
"Mimi ndiye."
Akakunja kitambaa alichokuwa anapima. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.
"Jumamosi tunakwenda Bukene," akasema. "Wote wawili."

Jumamosi, 9 Novemba
Tulimkuta Mzee Masanja shambani, nyuma ya nyumba. Nikampa shikamoo, akaitikia. Mkewe akaleta viti. Bi Zuwena akasema alimkosea, kisha akaniachia mimi nieleze. Nilieleza sensa, balbu, plagi. Alisikiliza mpaka mwisho, jembe mapajani.
"Ulijua kwamba siibi?" akaniuliza.
"Sikujua, mzee. Sikupima. Nilisema tu. Nisamehe."
"Miaka yote hiyo gari nalileta kwako mimi."
"Ndiyo, mzee."
Bi Zuwena akamwomba arudi kazini. Akakataa, kwa upole. Ana mpunga wa kushughulikia. Anachotaka ni kimoja: alifukuzwa mbele ya watu, basi na hili lisemwe mbele ya watu. Bi Zuwena akakubali. Mkewe alitupa chai. Mimi hakunitazama.

Jumatatu, 11 Novemba
Bi Zuwena amesema. Dukani, saa nne, watu wamejaa. Nilikwenda nikasimama mlangoni ili nisikie. Alitaja jina la Mzee Masanja, halafu na langu. Wateja wawili wakageuka kuniangalia. Nikarudi karakana. Aibu. Lakini leo nadhani nitalala usingizi.

Jumapili, 17 Novemba
Sikufungua. Nimefua ovaroli. Mvua kidogo mchana.
Mzee Masanja alipiga simu. Nilidhani kuna jambo. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamuuliza za shamba. Halafu akasema jirani yake ana pampu ya maji ya petroli, inatoa moshi mweusi, tatizo ni nini.
Nikamwambia siwezi kusema bila kuiona. Waanze na chujio la hewa, kisha wafungue plagi waniambie ina rangi gani.
Akasema sawa, atakwenda kuangalia. Atanipigia.