Bwawa Letu na Mchicha wa Mama Neema

Jumamosi jioni

Aibu bado haijanitoka. Leo mimi na mume wangu tumeanza kusafisha lile bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Tangu mama mkwe augue hatukuligusa, maji yakawa ya kijani na mazito kama mlenda, vyura wamejaa.

Pampu ilikuwa inayamwaga barabarani, ndipo Mama Neema, jirani yetu, alipopita na ndoo kichwani akitoka kisimani.

"Dada, hayo maji mnayamwaga?"

Nikamwomba radhi kwa ile harufu.

"Harufu si kitu. Mchicha wangu unakauka. Ningeomba tangu zamani, ila niliogopa geti lenu."

Nikauvuta mpira wa pampu hadi bustanini kwake.

Alinishukuru mno. Afadhali angenitukana.